Kura za Jimbo za Mei 1960: Kilichoingia, Kilichotoka, Kilichobaki

Maneno yaliyosemwa na karani wa mgodi mbele ya wafanya kazi na wenyeji wa mji, Bunia



Tumeitwa tuseme habari ya kura za jimbo. Watu wengine walipopata habari ya mkutano huu walituuliza: "Kura za nini tena? Tumekwisha kupiga kura, na barabara ni ile ile." Hawakukosa kuuliza hivyo. Lakini sisi makarani wa mgodi tunaishi kwa neno moja la wazee: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kura ni mali, wandugu. Basi leo tufungue daftari la kura tangu ukurasa wa mwaka 1960, tuone kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki.

Mwaka ule Kongo ilikuwa na majimbo sita tu. Ituri yetu ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki, ambalo mji wake mkuu ulikuwa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, karibu kilometa 700 kwa barabara kutoka hapa Bunia. Dhahabu ya Kilo ilikuwa imevumbuliwa tangu 1903. Zaidi ya miaka hamsini ilipita dhahabu ikipimwa na kuandikwa kila siku, na mchimbaji hakuulizwa hata mara moja ni nani amtawale.

Chama cha Mouvement National Congolais kilianzishwa mwezi wa Oktoba 1958. Mwaka uliofuata kiligawanyika, na upande mkubwa wa huku kwetu ukabaki na Patrice Lumumba. Mwisho wa Oktoba 1959 kulitokea machafuko makubwa Stanleyville, watu wakauawa, naye Lumumba akafungwa. Mwezi wa Desemba zikaja kura za komini. Mkubwa wa chama yuko gerezani, lakini chama chake kilipata viti 55 kati ya 58 katika Stanleyville. Mwezi wa Januari 1960 Wabelgiji wakamtoa, wakampeleka Bruxelles kwenye Meza ya Duara, na siku ya Uhuru ikawekwa: tarehe 30 Juni 1960.

Hapo ndipo kampeni ya Mei 1960 ilipoanza. Sheria ilikuwa hivi: raia achague wadepite wa Chambre ya nchi nzima, viti 137, na tena wadepite wa Baraza la Jimbo. Baraza hilo nalo lichague maseneta 14, na lichague Prezida wa jimbo. Kwa hiyo kura ya jimbo haikuwa kura ndogo. Ilikuwa mlango wa Sénat na mlango wa serikali ya jimbo pia. Lakini mlango huo ulifunguliwa kwa wanaume peke yao, waliotimiza miaka 21. Mama zetu waliolima, waliozaa, waliopika chakula cha wachimbaji, waliachwa nje. Tuliandike hilo katika safu ya madeni.

Mashindano katika jimbo letu yalikuwa hasa kati ya MNC ya Lumumba na Parti National du Progrès, yaani PNP. MNC walisema: Kongo moja, Uhuru upesi, hapana kugawanya nchi kwa makabila. PNP walikuwa na machifu wengi pamoja nao, na wakubwa wa serikali ya kikoloni waliwatazama kwa jicho jema. Watu wakawapa jina la kuwacheka, kwa Lingala: "pene pene na mundele", maana yake, karibu karibu na muzungu. Jina hilo lilienea upesi kupita hotuba zote. Tulikumbuke, kwa sababu tutalirudia.

Sasa tuje kwenye hesabu. Baraza la Jimbo la Mashariki lilikuwa na viti 70. MNC ya Lumumba ilipata 58. Viti 12 tu vilikwenda kwa wengine wote. Katika Kongo nzima ndicho chama kilichopata viti vingi kupita vyama vingine, ijapokuwa hakikufika nusu ya viti 137 vya Chambre. Jean-Pierre Finant akachaguliwa kuwa Prezida wa jimbo letu. Hicho ndicho kilichoingia, na kilikuwa kingi.

Sasa tusome safu ya kilichotoka, nayo inachoma moyo. Siku tano tu baada ya sikukuu ya Uhuru, askari waliasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Mwezi wa Septemba Lumumba akaondolewa katika ukubwa wake, na Kanali Mobutu akasimamisha wanasiasa. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Naye Finant, Prezida aliyewekwa na baraza la watu, alikuwa amekamatwa. Mwezi wa Februari 1961 akauawa Bakwanga, mji tunaouita leo Mbuji-Mayi. Hata mwaka mmoja haukupita tangu kura zihesabiwe.

Wandugu, tujiulize: viti 58 vilikwenda wapi? Wengine watajibu upesi, "Wazungu waliviiba." Kweli, mikono ya wageni ilikuwamo, na katika Ubelgiji kwenyewe wachunguzi wa Bunge lao walikubali mwaka 2001 kwamba wakubwa wa nchi ile walikuwa na madaraka ya kimaadili katika mambo yaliyoleta kifo cha Lumumba. Lakini karani akiandika deni la mwenzake tu na kuficha la kwake, daftari lake ni la uongo. Tuandike yote.

Deni la kwanza: sheria ilibadilishwa baada ya kuhesabu, na watu hawakuweza kuizuia. Tazameni Katanga. Baraza lao lilikuwa na viti 60. Conakat ya Tshombe ilipata 25, na upande wa Balubakat 23. Sheria ilidai theluthi mbili za wadepite wawe wamehudhuria ndipo serikali ichaguliwe. Watu wa Balubakat wakatoka, baraza likakwama. Ndipo Wabelgiji walipoigeuza sheria, na Conakat wakaunda serikali peke yao. Mwezi uliofuata serikali hiyo hiyo ikaikata nchi. Ukibadilisha mizani baada ya kupima, hakuna atakayeuamini uzito tena.

Deni la pili ni letu wenyewe, tuliseme bila kuona haya. Lile jina la kucheka, PNP, halikufa siku ya kura. Mwaka 1964, Simba walipoteka Stanleyville na sehemu kubwa ya jimbo letu, "PNP" likawa jina la mtu wa kuuawa. Walikufa makarani, walimu na wakubwa wa serikali, wengi wao kwa sababu mtu fulani aliwanyoshea kidole na kuwaita hivyo. Mzaha wa kampeni ukawa hukumu ya kifo. Sisi wa Ituri, tuliopita katika vita ya 1999 mpaka 2003, ambapo jina la kabila lilitosha kumwondoa mtu duniani, hatuhitaji kufundishwa zaidi. Ushindi wa viti 58 haukumwonyesha yule wa viti 12 kwamba ataishi salama. Hapo palikuwa na ufa tangu mwanzo.

Tutoe mfano wa mbali, tupate kupima. Katika nchi ya Kanada kuna jimbo linaloitwa Quebec, ambalo watu wake wengi husema Kifaransa. Novemba 1976 chama kilichotaka jimbo hilo liwe nchi ya kujitawala, chama cha René Lévesque, kilishinda kura za jimbo: viti 71 kati ya 110. Je, walichukua bunduki? Hapana. Walitawala jimbo, na mwaka 1980 wakawauliza watu. Karibu watu 60 katika kila mia wakakataa. Lévesque akakubali hesabu. Mwaka 1981 chama chake kikashinda tena kura za jimbo, na mwaka 1985 kikashindwa, kikatoka. Hatusemi watu wale ni malaika. Twasema tu kwamba aliyeshindwa alirudi nyumbani akalala, na kesho yake akaanza kutafuta kura nyingine.

Tena katika nchi hiyo mali ya chini ya ardhi, kwa sehemu kubwa, ni ya majimbo. Majimbo matatu, yaani Alberta, Saskatchewan na Manitoba, yalinyimwa haki hiyo hapo kwanza. Yaliidai miaka mingi mpaka yakaipata mwaka 1930. Mtu wa kule akipiga kura ya jimbo, anajua anachagua mlinzi wa madini yake.

Na sisi? Fungueni Kodi ya Madini kama ilivyotengenezwa tena mwaka 2018. Katika ushuru unaolipwa na makompanyi, ule uitwao redevance, sehemu 50 kwa mia huenda kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa chefferie, sekta au mji wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Basi wandugu wachimbaji, robo nzima ni ya jimbo! Ni nani mwenye kazi ya kuuliza robo hiyo imefanya nini? Kwa Katiba ya 2006, ni wadepite wa jimbo. Hao ndio wanaomchagua gavana, na hao ndio wanaoweza kumwita asimame mbele yao ajibu. Asiyejali kura ya jimbo anaacha mizani bila karani.

Jimbo hili halikuja bure pia. Miaka ya 1962 na 1963, majimbo sita yalipogawanywa, Kibali-Ituri ilipata kuwa jimbo, na Bunia ikawa mji mkuu. Mwaka 1966 Mobutu akalifuta, tukarudishwa chini ya Kisangani. Ilitupasa kungoja mpaka 2015 ndipo Ituri ikawa jimbo tena. Ni karibu miaka hamsini ya kungoja. Na mwezi wa Mei 2021, kwa sababu ya vita, serikali ya Kinshasa iliweka amri ya hali ya kuzingirwa, gavana wa kijeshi akakaa mahali pa gavana wa kura. Desemba 2023 tulipanga mstari tukapiga kura za wadepite wa jimbo. Lakini Aprili 2024, majimbo mengine yalipochagua magavana wao, Ituri na Kivu ya Kaskazini hayakuchagua.

Tunajua kwa nini wengine waliikubali amri ile. Mtu aliyekimbia Djugu na watoto mgongoni hutaka usalama kwanza, karatasi ya kura baadaye. Hatumlaumu. Lakini robo ya redevance haikungoja vita iishe. Na mali bila mwenye kuhesabu, tumekwisha kusema, hupotea bila habari.

Basi kilichobaki ni nini? Imebaki kazi, na kazi yenyewe ni tatu.

Kwanza, kila siku ya kura tuwe na mashahidi katika kila chumba cha kupigia, watu wanaojua kusoma na kuandika, wakae mpaka karatasi ya mwisho ihesabiwe, wanakili hesabu kabla sanduku halijaondoka. Mwenye njaa atapewa matabishi auze macho yake. Kwa hiyo tuchange sisi wenyewe chakula cha mashahidi wetu, kama tunavyochanga likelemba.

Pili, mama zetu, walioachwa nje mwaka 1960, wasiwe wa kupiga vigelegele tu. Wawe mashahidi, wawe wadepite.

Tatu, asiwepo mtu wa chama chetu atakayempa mpinzani jina la kumtenga na watu. Tumshinde kwa hesabu, tumsalimu asubuhi. Yule wa viti 12 ni jirani yetu wa kisima kimoja.

Wazee wetu wa Mei 1960 walisimama katika jua wakangoja zamu yao, na wengi ilikuwa mara yao ya kwanza kuulizwa neno na serikali. Hawakuwa wajinga, na kura yao haikuwa ya uongo. Walijua kuingiza, hawakupewa muda wa kulinda. Sisi muda tunao.

Uhuru na kazi!