Kimbunga Kikitangazwa: Siku Mbili za Mkulima

Mazungumzo yetu ya leo hayahusu mbolea wala palizi. Yanahusu kimbunga, na hasa zile siku mbili kati ya redio kutangaza na upepo wenyewe kufika. Nasema zaidi na ninyi mnaokaa Mtwara, Lindi, Kilwa, Rufiji na Mafia, lakini wakulima wa mwambao wote na wa Visiwani nanyi tegeni sikio.

Mwezi wa Mei 2024, siku moja kabla ya kimbunga Hidaya kufika, nilikuwa nikipita vijijini nikamkuta mzee mmoja anapalilia muhogo wake kana kwamba hakuna neno. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu bwana shamba. Na wewe umekuja kutuhamisha?" Nilipomwambia ndiyo, akaegemea jembe lake akasema, "Mwaka 2019 mlisema kinakuja, kikaenda Msumbiji. Mwaka 2021 mlisema kinakuja, kikafa baharini. Hiki nacho si kitapita tu?"

Ndugu msikilizaji, mzee yule hakusema uongo. Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa waondoke mabondeni na kando ya bahari kwa sababu ya kimbunga Kenneth, na Kenneth akapiga ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, akabomoa vijiji vya jirani zetu wa Msumbiji. Aprili 2021 Jobo naye aliishiwa nguvu kabla hajatufikia. Lakini kimbunga hakina reli. Ni upepo unaozunguka juu ya bahari yenye joto, kasi yake ikizidi kilomita 118 kwa saa, na mzunguko huo wenyewe husukumwa huku na huku na pepo nyingine. Kikikengeuka kidogo tu, kilichokuwa cha Mtwara kinakuwa cha Msumbiji, na cha Msumbiji kinakuwa cha Mtwara. Mtabiri wa hali ya hewa hakukudanganya. Amekuambia mapema ili uwe na muda.

Tena msidhani ni mambo mapya. Ni kweli kwamba vimbunga havituzoei, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, na huko nguvu ya mzunguko wa dunia inayovizungusha ni ndogo. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba ikasalimika, na ndiyo maana baada ya hapo Pemba ikawa shamba kuu la karafuu. Aprili 1952 kikaja kingine Lindi. Na Hidaya huyo, tarehe 4 Mei 2024, akaingia Mafia. Upepo wake ulikuwa umeanza kupungua, lakini mvua haikupungua, na ardhi ilikuwa imekwisha shiba maji ya masika. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika huko Kilwa, abiria na mizigo vikakwama njiani.

Angalieni miezi hiyo, jamani: Aprili, Aprili, Mei. Ndiyo miezi ambayo chakula chetu kiko shambani bado, na ghalani imebaki mbegu na kidogo cha kula.

Basi siku ya kwanza ukisikia tangazo, anza na watu. Hebu itazame nyumba yako kwa haki. Kama ni ya udongo na makuti, au iko bondeni, au bahari iko karibu, hiyo si nyumba ya kulala usiku wa kimbunga, hata ukiifunga kamba namna gani. Kamwulize mwenyekiti wa kitongoji ni jengo gani limeandaliwa: shule, zahanati, msikiti au kanisa la matofali lililo mahali pa juu. Wajawazito, wazee na watoto wahamie mchana, upepo haujaanza. Kumbeba bibi mgongoni usiku, mvua inapiga na mabati yanaruka, ni hatari kwake na kwako pia.

Mfukoni, ndani ya nailoni iliyofungwa vizuri, tia vitambulisho, kadi za kliniki za watoto, hati ya shamba na kitabu chako cha chama cha msingi. Simu ichajiwe mapema, na redio itiwe betri mpya. Maji ya kunywa na kupikia yajazwe sasa, kabla kisima hakijachafuka: familia ya watu 6 kwa siku 3 inahitaji kama madumu 3 ya lita 20.

Kwenye paa, wengi wetu tuna desturi ya kuweka mawe juu ya bati. Yashusheni. Upepo mkubwa ukiinua bati, jiwe lile humwangukia aliye chini. Ingia ndani, ukafunge makombamoyo kwenye mwamba na nguzo kwa waya wa kufungia, kila mahali penye kiungo, na bati lililolegea lipigiliwe. Nje, angua nazi na ondoa makuti makavu kwenye mnazi ulio karibu na nyumba. Jembe, ndoo, vigoda, yote ndani. Kazi hii ni ya nusu siku, usiipe zaidi ya hapo. Nimeona watu wakimaliza siku mbili juu ya paa, na mbegu ziko sakafuni.

Hapa kwenye mbegu naomba nikae kidogo, maana mimi mwenyewe nilifanya kosa. Siku ile ya Mei nilizunguka nikiwaambia wenzangu wapandishe mbegu juu, nami nilikuwa na magunia mawili ya karanga za mbegu za kikundi kwenye stoo, chini, nyuma ya mlango. Nilisema nitarudi jioni. Jioni mvua ikanizuia. Niliporudi baada ya siku tatu karanga zilikuwa zimeota ndani ya gunia. Kikundi kile kina watu 12, na msimu uliofuata tulipanda mbegu za kuazima. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo, mbegu iliyokauka vizuri itie ndani ya dumu, ukaze kifuniko, na dumu hilo uende nalo unakokwenda kulala. Nasema iliyokauka, kwa sababu mbegu mbichi ukiifungia ndani ya dumu itaoza. Chakula kinachobaki kipande darini. Salfa na dawa za mikorosho nazo ziwekwe juu, mbali na chakula, ili maji yasizipeleke kisimani.

Shambani, mahindi yaliyokomaa yavunwe hata kama bado yana unyevu, yakatundikwe jikoni juu ya moshi. Mpunga ulioiva usiungoje. Mbaazi na mikorosho huna la kuifanyia, iache. Muhogo nao uache ardhini, upepo hauuwezi sana. Mbuzi na ng'ombe wasifungwe kamba, wala wasifungiwe bandani. Wapeleke mahali palipoinuka, mbali na miti mikubwa, maana mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia maji yakija. Kuku watie kwenye tenga uwachukue.

Sasa usiku wenyewe. Kaeni ndani, mbali na madirisha. Na hili nalisema kwa wote, watoto wasikie pia: kimbunga kina jicho. Likipita juu yenu, upepo unakoma ghafla, nyota pengine zinaonekana, mtu anasema alhamdulillahi yamekwisha, anatoka kwenda kutazama mbuzi wake. Hayajaisha. Nusu saa baadaye, pengine zaidi kidogo, upepo unarudi kwa nguvu ileile ukitokea upande wa pili, na kile kilicholegezwa na upepo wa kwanza ndicho kinachoanguka. Msitoke mpaka redio au viongozi wa kijiji waseme.

Asubuhi yake, usivuke kijito chochote ambacho huoni chini yake, hata kama umekivuka maisha yako yote. Maji ya kunywa yachemshwe. Halafu nenda kwenye muhogo. Uliosimama ndani ya maji huoza katika siku chache, basi ng'oa, menya, fanya makopa jua likitoka. Ule mchungu usiuharakishe, uandae kama mlivyozoea, sumu yake haitoki kwa papara. Mahindi yaliyoota ukungu msile, wala msiwape kuku. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mkorosho mchanga ulioegama unaweza kuinuliwa na kushikiliwa kwa mti, ukifukia mizizi kabla haijakauka.

Namrudia mzee wangu wa muhogo. Nilimwuliza, "Mzee, mwaka 2019 ulipojiandaa na kimbunga kisije, ulipoteza nini?" Akafikiri. Akasema alivuna mahindi mapema wiki mbili, na alilala shuleni usiku mmoja, mgongo ukamwuma. Nikamwuliza mahindi yalikwenda wapi. "Tuliyala," akasema. Kisha akacheka, akachukua jembe lake, akamwita mkewe. Jioni ile niliwaona wote wawili njiani kwenda shuleni, mama ametangulia na dumu kichwani, mzee nyuma na tenga la kuku.

Ndugu wakulima, wiki ijayo, tukijaliwa, nitaeleza namna ya kukata na kubebesha mikorosho mikubwa iliyovunjwa na upepo, ili isigeuzwe kuni yote. Mwenye swali amwone bwana shamba au bibi shamba wa kata yake. Kwaherini kwa leo.