Utetezi wa Haki za Wanawake Wataka Mafunzo



Mjane anapofukuzwa katika shamba alilolilima miaka ishirini, watu wengi humwonea huruma. Lakini huruma haimrudishii shamba. Kinachomrudishia ni sheria, pamoja na watu wanaojua kuitumia. Ndiyo sababu mafunzo ya utetezi na ushawishi kwa wanawake wanaharakati si anasa, bali ni zana ya kazi.

Historia ya sheria za ardhi nchini Tanzania yatoa funzo. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 iliacha urithi wa ardhi ya ukoo uendelee kufuata mila, mradi mila hizo zisipingane na Katiba. Wanawake hawakuishia kulalamika. Wanasheria, waandishi wa habari na wanaharakati waliungana, wakaichambua miswada, wakawaendea Wabunge na hoja zao. Matunda yake yamo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999: mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, mila inayomnyima haki hiyo ni batili, na kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, wanawake wasipungue watatu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi mafunzo yafundishe nini? Kwanza, kumjua mwenye uamuzi. Kugawa ardhi ya kijiji ni kazi ya Halmashauri ya Kijiji. Kutunga sheria ni kazi ya Bunge. Pili, kuujua wakati. Muswada hurekebishwa ungali mbele ya Kamati ya Bunge. Ukishapitishwa, kazi huwa ngumu maradufu. Tatu, kuwa na ushahidi: ni wajane wangapi walionyang'anywa mashamba, katika kijiji gani, kwa uamuzi wa nani. Nne, kudai jambo moja bayana, linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au siyo.

Wapo wanaodai kuwa mafunzo haya huwachochea wanawake dhidi ya waume zao. Dai hilo halina msingi. Mwanamke mwenye haki katika shamba huwalisha watoto wale wale wa mume huyo.

Hatari iko kwingine. Semina zikifanyika mijini tu, kwa watu wale wale, makabrasha yake hubaki kabatini. Tena, viti vitatu barazani havimsaidii mjane iwapo wanaovikalia hunyamaza, au hawajapata kuisoma sheria iliyowaweka hapo. Kwa hiyo kila aliyefundishwa hana budi kuwafundisha wenzake, na kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambako majina ya wajumbe wa Baraza hilo huthibitishwa.

Haki iliyoandikwa Bungeni itakamilika siku mjane atakapoidai kijijini, akasikilizwa, akarudi shambani kwake na jembe lake begani.