KUAJIRI FUNDI WA BUSTANI WA MTAA WETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya uwanja unaozunguka ofisi na ukumbi wetu. Mmeuona wenyewe. Upande wa lango majani yafika magotini, ua wa kaiyaba umetoa mikono mpaka njiani na miiba yake yararua nguo za watoto, na mvua ikinyesha maji husimama mlangoni kama ziwa. Fedha za kutengeneza zimekwisha kutengwa. Neno lililobaki ni hili: kazi hiyo tumpe nani, na kwa mapatano gani?

Kuna kampuni iliyoleta barua nzuri iliyopigwa chapa, na picha za bustani za hoteli. Hatuna ugomvi nayo, wala hatutataja jina lake. Lakini sisi tumekaa mjini siku nyingi, na twajua mambo haya huenda namna gani mara nyingi. Mwenye kampuni hutia sahihi, kisha hutuma msimamizi mmoja na gari, naye akifika hapa kwenye kona huchukua vijana wawili wa mtaa huu huu kwa kibarua cha siku. Basi mwenye kushika fyekeo ni yule yule ambaye tungemwita wenyewe, ila fedha nyingi zimekwisha kushika njia nyingine.

Hatusemi kampuni hazina kazi. Ule mti ulioinamia nyaya za umeme usipandwe na mtu mwenye panga na kamba tu. Huo waitiwe wenye vyombo vyao na bima yao. Uwanja wa mpira nao wataka mashine kubwa. Lakini uwanja wetu si uwanja wa mpira.

Tena sisi watu wa reli hatuwezi kudharau kazi ya majani. Genge la njia likiacha majani yakue, dereva haoni vizuri penye kivuko, mitaro huziba, na maji hula tuta chini ya reli. Mwenye kukata majani vizuri hulinda roho za watu, ingawa abiria hamjui.

Sasa, kwa nini twataka mtu wa hapa? Kwa sababu ya udongo. Huku Eastlands twakaa juu ya udongo mweusi, ule uitwao wa pamba. Ukilowa huvimba na kushika viatu, ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Kule Kabete na Karen ni udongo mwekundu, maji hupita upesi. Mtu aliyezoea kule akija hapa na desturi zake atapanda maua chini sawa na ardhi, na mvua ya kwanza itayaozesha mizizi. Fundi wa hapa kwanza hufungua mtaro, kisha huinua matuta, huchanganya samadi na mchanga, ndipo apande. Na kupanda kwenyewe kuna wakati wake. Nyasi za Kikuyu hazihitaji kununuliwa mbegu. Hukatwa vipande vya mashina na kupandwa kwa mistari mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Machi. Ukichelewa mpaka Juni utamwagilia kwa mpira, na bili ya maji mtaisoma wenyewe mkutano ujao.

Na nyasi hizo, tuseme kwa faraja kidogo, asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu Afrika ya Mashariki. Zikachukuliwa zikapandwa mpaka Australia na California, na huko watu hulipa fedha nzuri kwa kuzitunza. Lakini ndugu zetu wa Mombasa wasizifuate. Joto la pwani haziliwezi sana, heri ukoka.

Kwa hivyo akija fundi tusimwulize bei kwanza. Tumwulize: hapa maji yatatokea wapi? Wakati wa kiangazi utakata nyasi urefu gani? Akijibu kwamba atazikata mpaka udongoni ili zikae muda mrefu, huyo tumshukuru aende zake, kwa maana jua litaziunguza. Tukaone pia ua mmoja anaoutunza tangu mwaka jana. Bustani ya juma moja kila mtu aweza kuipendeza.

Jambo lingine ni jina. Mpaka leo utasikia mtu mzima mwenye wajukuu akiitwa shambaboi. Hata wafanyakazi wenzetu husema hivyo, watu ambao wakiitwa boi kazini wangeleta mashtaka siku ile ile. Katika uwanja huu ataitwa kwa jina lake, au fundi.

Na mapatano? Sisi leo tunakuwa mwajiri, na sheria yatutazama kama inavyomtazama tajiri yeyote. Amri ya mishahara yamtaja mtunza bustani katika fungu moja na mfagiaji na mlinzi wa mchana, nayo ile iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 iliweka Sh. 16,113.75 kwa mwezi katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, bila kuhesabu fedha za nyumba. Tusishuke chini ya amri iliyopo siku tutakayomwandika. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua akifanya kazi siku zinazofikia mwezi mmoja mfululizo, ahesabiwe mtu wa mwezi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe, na asiyeweza kusoma aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Uwanja hauishi kazi kwa mwezi, basi ile hila ya kumwita kibarua kila asubuhi mwaka mzima isiingie humu. Ni hila ambayo chama hiki kimeipinga kwa waajiri wengine.

Bima ya kuumia kazini nayo tusiisahau, ni sheria ya mwaka huo huo wa 2007. Fyekeo hurusha jiwe, na jicho halichagui kama mwajiri ni kampuni au ni chama. Viatu vizito, glavu na miwani tununue sisi, si yeye.

Masika yako karibu. Kila mwenye kumjua fundi wa mtaa huu alete jina lake kwa karani kabla ya Jumamosi. Jumapili saa nane kamati itazunguka uwanjani pamoja nao mmoja mmoja, kuanzia pale mlangoni penye maji, na mwanachama yeyote atakaye aje asikilize.