MAZUNGUMZO KUHUSU ELIMU YA AFYA: MARADHI YAITWE KWA JINA LINALOJULIKANA



Kumbukumbu za hospitali huwataja wale tu waliofika hospitali. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 1992 Wizara ya Afya ya Tanzania Bara, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, iliwafuata wafiwa majumbani kuwauliza dalili alizokuwa nazo marehemu. Kazi hiyo ilifanyika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, wilaya ya Milima ya Uluguru.

Tafiti za bara za miaka hiyo zilionesha kwamba wazazi wengi walioijua malaria hawakuihusisha na degedege. Degedege walilidhani ni la shetani. Walianza kwa mganga, wakihofu kuwa sindano ingemuua mtoto. Mzazi wa namna hiyo husoma bango zima la malaria asione kuwa linamhusu.

Basi, kabla ya kuandika tangazo la afya, tuwaulize wananchi maradhi hayo huyaitaje, na jina hilo tulitangulize: mtoto mwenye degedege apelekwe kituo cha afya mara moja, kwani huenda ni malaria kali.