UVIMBE WA KORODANI: AIBU ISITUUE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi



Leo hatukuja kusema habari za mshahara wala za saa za kazi. Tumekuja kusema habari za mwili wa mwanamume, yaani yale mapumbu mawili, ambayo madaktari huyaita korodani. Tunaona wengine wanacheka. Chekeni kidogo, kisha msikilize, maana kicheko na aibu ndivyo vinavyomfanya mtu kuficha ugonjwa mpaka umshinde.

Sisi si madaktari. Tulisoma shule ya misheni, kisha tukaingia kazi ya reli. Lakini haya tumeyauliza kwa wenye kujua, na tunayaleta kwenu kwa lugha yetu.

Kwanza, si kila uvimbe ni kansa. Ndugu zetu wa Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu wanalijua busha. Hilo ni maji yaliyojaa katika mfuko wa pumbu, na huko pwani mara nyingi huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Iko ngiri pia, nayo ni utumbo ulioshuka. Tena kuna maumivu makali ya ghafula, hasa kwa kijana: korodani imejipinda juu ya mshipa wake na damu haipiti. Huyo asingoje asubuhi. Akikawia zaidi ya saa 6 hivi, huenda korodani ikafa. Apelekwe hospitali usiku ule ule.

Kansa yenyewe huja kwa njia nyingine. Mara nyingi haiumi. Mtu huoga, akagusa kitu kigumu kama kokoto juu ya korodani moja, au akaona upande mmoja umekuwa mzito. Kwa kuwa hakuna maumivu, husema, "Kitaondoka." Hapo ndipo hatari. Ugonjwa huu ni wa nadra, na katika Afrika ni wa nadra kuliko Ulaya, lakini hushika hasa vijana wa miaka 15 mpaka 35, wenye nguvu za kazi. Aliyezaliwa na korodani isiyoshuka yuko katika hatari zaidi. Kwa hiyo wenye watoto wachanga wa kiume, watazameni mapema.

Wengine humulika pumbu kwa tochi gizani. Mwanga ukipenya, ni maji. Usipopenya, ni kitu kigumu. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi, kwa maana uvimbe mbaya waweza kujificha ndani ya maji. Daktari na apime kwa mashine ya picha ya mawimbi ya sauti.

Sasa namna zake. Katika uvimbe 100 wa kansa hii, karibu 95 hutoka katika chembe zinazotengeneza mbegu za uzazi. Zilizobaki ni za nadra sana, nazo zina dalili zake. Mmoja hutoka katika chembe zinazotengeneza homoni ya kiume, ziitwazo chembe za Leydig. Mtoto mdogo huota nywele za utu uzima na sauti ikawa nzito kabla ya wakati. Mtu mzima huvimba matiti. Wengi wa namna hii si wa kuua, lakini hutolewa. Mwingine ni limfoma, ambayo hushika zaidi wazee waliopita miaka 60, na mara nyingine pande zote mbili. Basi mzee asiseme, "Haya ni ya vijana."

Madaktari hupima pia damu. Baadhi ya uvimbe huu hutoa kitu kile kile kinachopimwa kwa mwanamke ili kujua kama ana mimba. Jibu la hakika hupatikana baada ya korodani kutolewa na kutazamwa kwa darubini.

Hapa sikilizeni vizuri, ninyi watu wa reli. Korodani huanza tumboni karibu na figo mtoto akiwa bado mimbani, kisha hushuka. Kwa hiyo njia yake ya kusafirisha maji ya mwili hurudi juu tumboni. Ngozi ya pumbu ina njia nyingine, iendayo kwenye kinena. Mtu akikata pumbu au akichoma sindano kwenye uvimbe huo, ni kama kuunganisha njia mbili zisizopasa kukutana: ugonjwa hupata reli mpya. Ndiyo sababu daktari mjuzi hupasua kwenye kinena, akaitoa korodani kwa juu. Msikubali wembe wa mtu yeyote.

Korodani moja ikitolewa, mwanamume hubaki mwanamume. Ile ya pili, ikiwa nzima, huendelea na kazi yake, na wengi huzaa watoto.

Zamani ugonjwa ukishaenea mwilini, wachache sana walipona. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg huko Michigan, Marekani, alipitisha umeme kwenye vijidudu kwa vipande vya madini ya platini, akaona vijidudu vimeacha kuzaana. Platini ndiyo iliyofanya hivyo. Ikatoka dawa ya sisplatini, na mwaka 1974 Lawrence Einhorn huko Indiana akaichanganya na nyingine kutibu kansa hii. Leo hata walioenewa nayo wengi hupona. Wanaowahi hupona karibu wote. Lakini mgonjwa akikohoa, akiumwa mgongo au akivimba shingo, amekwisha kuchelewa.

Basi tunaomba mambo matatu. La kwanza, kila mwanachama ajipapase mwenyewe anapooga, na akiona badiliko aende hospitali juma lile lile. La pili, anayeomba ruhusa ya kwenda kutibiwa asilazimishwe kutaja kiungo chake mbele ya watu. Kwa msimamizi neno "matibabu" litoshe, na mwakilishi wa chama asimame naye. La tatu, tusimcheke mwenzetu. Tunadai karakana iwe salama kwa mikono na macho yetu. Mwili uliobaki nao ni wa mfanyakazi.