Dekoda ya kurekodi: mbele ya kutoa pesa ya kese

Maneno ya komite ku mkutano wa wanamemba, Uvira

Mlituomba tuangalie dekoda ya HD yenye kurekodi, ya kuweka pale tunafanyia mikutano. Tulizunguka, tukauliza, na leo tunaleta jibu.

Juu ya nini kurekodi? Wavuvi wetu wanashuka ziwani magaribi na taa zao, wanarudi asubui na ndagala. Habari na mpira vinapita wakiwa ku maji. Wamama wanaovuka Kavimvira kwenda Bujumbura wanarudi wamechoka. Kama mashine haiwachungie programu, tele itakuwa ya wale tu wanashinda nyumbani. Na pesa ya kese ni ya wote, njo ile inatusaidia kwa kilio na ospitali.

Dekoda ziko namna mbili. Ya abonema unalipa kila mwezi, na nyingi zinafunga kile zilirekodi: ukikipeleka ku mashine ingine hakifunguki, na abonema ikiisha pengine hata pale pale hakifunguki. Tena mara nyingi inalipiwa mu inchi ilipouzwa. Sisi tuliotoka Lugufu na Nyarugusu tunapenda chaneli za Tanzania, watoto wetu walikomalia mu Kiswahili kile, lakini kuleta dekoda ya Kigoma huku ni kujitafutia shida ya kulipa. Ya pili ni ya chaneli za bure: unalipa mara moja, unachomeka kle ya USB, inarekodi. Mpira mukubwa wa Ulaya hautaonekana sana pale. Tunasema wazi, vijana wasilalamike kisha.

Komite inapendelea ile ya bure.

Ku karton wataandika HD na PVR. PVR njo kurekodi. Karton haitoshi. Muuzaji aichomeke mbele yetu, arekodi dakika 10, achomoe kle, airudishe, acheze. Akikataa, twende kwa mwingine. Saa moja ya HD inakula karibu giga 2 mpaka 4, kwa hiyo kle ya giga 64 inatutosha. Ile ya bei ya chini kabisa imeandikwa giga 512, muiache, mara nyingi ni uongo. Na kama tunataka kuangalia chaneli moja wakati ingine inarekodiwa, mashine iwe na viingilio viwili vya antene, parabole iwe na kichwa cha matundu mawili, na kebo mbili zishuke.

Kuranti sasa, hapa njo penye kazi. SNEL ikikata saa mbili ya usiku, hakuna kilichorekodiwa. Lakini tele inaweza kuzimwa, dekoda peke yake inakunywa kidogo, kama wati 15 ao 20. Ile batri ya sola ya mikutano, ya volti 12 na amperi 100, inaibeba usiku muzima bila kuchoka. Tununue dekoda inayokubali volti 12, tusipoteze nguvu mu onduleri. Kwa siku za SNEL, regileta ni lazima, kuranti yetu inapanda na kushuka ovyo.

Mvua kubwa itakata picha, hiyo haina dawa.

Kinabakia kimoja, ninyi njo mtasema: nani atachunga telekomande na kle. Komite inaomba isiwe mutu mumoja. Mama mumoja, muvuvi mumoja, na kaye ya kuandika programu ipi irekodiwe usiku ule.