Nafasi ya Mgonjwa Nyumbani: Hotuba kwa Wanachama wa Ronge



Halmashauri ilitutaka sisi tulio wauguzi miongoni mwa wanachama tuzungumze juu ya mgonjwa akiisha kurudi nyumbani. Dawa hatutazisema sana, kwani wenye kuziandika wako Mwatate, Wesu na Voi. Tutasema juu ya watu wanaomzunguka mgonjwa. Jambo hilo nalo lina elimu yake, iitwayo elimu ya jamii, ingawa haliandikwi katika cheti cha hospitali.

Mwaka 1951 mtaalamu wa Marekani, Talcott Parsons, alieleza kwamba kuugua si jambo la mwili tu. Ni nafasi ambayo jamii humpa mtu. Mwenye nafasi hiyo ana haki mbili: halaumiwi kwa ugonjwa wake, na husamehewa kazi zake. Naye hudaiwa mambo mawili: atake kupona, tena atafute msaada wa wenye ujuzi na kuufuata. Wazee hawataona ugeni mkubwa hapa. Mtu akishikwa na malaria hatumwiti shambani. Lakini akikataa dawa, twamnung'unikia.

Hata hivyo Parsons aliwatazama zaidi watu wawili, mgonjwa na daktari, na katika milima yetu hakuna mgonjwa wa peke yake. Grace Harris, mtaalamu wa mila, alikaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake kikatoka mwaka 1978. Aliandika jinsi wazee wetu walivyoamini kuwa hasira iliyofichika moyoni mwa ndugu yaweza kuleta ugonjwa, na jinsi mwenye hasira alivyotakiwa kutasa, yaani kunyunyiza kinywaji kutoka kinywani huku akinena maneno ya heri. Wengi wetu leo ni Wakristo, wala hatusemi kuwa hasira huleta malaria. Lakini wazee wale waliuliza, “Amekosana na nani?” Muuguzi aliyemwona mgonjwa wa kisukari akikosa chakula kinachomfaa, kwa sababu mkwe na wifi hawasemezani, hawezi kulicheka swali hilo.

Kuna upungufu mwingine, nao ndio uliotuleta hapa. Nafasi anayoieleza Parsons humfaa mtu wa homa, ambaye baada ya siku chache huinuka. Je, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi? Tumchukue mwashi aliyerudishwa kwake mkono mmoja haufanyi kazi. Watu kwa huruma humwekea kiti penye jua la asubuhi. Humlisha. Humjibia anaposalimiwa. Shauri la shamba lake mwenyewe hukatwa jikoni, yeye akasikia habari zake kwa watoto. Mwezi wa kwanza hiyo ni huruma. Mwaka wa pili ni kumzika mtu yu hai. Kule kusamehewa kazi, kulikokuwa haki yake, kumegeuka kuwa kunyang'anywa.

Na mwili nao huumia kwa huruma hiyo. Kiungo kisichotumiwa hukaza na kusinyaa, na mtu alalaye upande mmoja bila kugeuzwa hupata vidonda. Ndiyo sababu twamwacha mgonjwa ashike kikombe mwenyewe, hata chai ikimwagika. Ndugu zake hutuona wakatili. Twawaomba watuvumilie. Hospitalini hufundishwa kutembea juu ya sakafu ya saruji, lakini njia ya Ronge Juu ni mteremko na mawe. Basi mazoezi ya kweli huanza mlangoni pake, pamoja na kijana wa kumshika kiwiko.

Mwaka 1963 Erving Goffman aliandika juu ya alama inayoharibu jina la mtu, hata watu wakaiona alama wasimwone mwenyewe. Kiswahili chetu hakina udhuru katika hilo: kiwete, kipofu, kiziwi, yote huanza kama kiti na kikapu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kwa hiyo yafaa katika mikutano yetu tumtaje kwa jina lake, au kwa jina la mtoto wake kama tumtajavyo mtu mzima yeyote.

Twaleta maombi matatu mbele ya Halmashauri. Katika daftari la misaada, neno “asiyejiweza” liondolewe, na mahali pake paandikwe yale ambayo mtu huyo aweza kufanya na yale anayohitaji kusaidiwa. Wajumbe wanaokwenda kumjulia hali waketi na kuzungumza naye mwenyewe kabla ya kusema na wenye nyumba. Tena mwanachama aliyelala akituma ada yake, Mweka Hazina aipokee na kumpa stakabadhi kama wengine, wala asimrudishie kwa kumhurumia; na jina lake lisomwe mkutanoni penye zamu yake.